Nyonga za Mapacha

Pacha wangu mpendwa,

Salamu kwanza, maana mama ameketi hapa kando ya kitanda changu kuhakikisha siziruki. Anakusalimu wewe, anamsalimu wifi, na anauliza kama watoto wamepona mafua. Yeye mwenyewe ni mzima, isipokuwa macho hayasomi tena, ndiyo maana naandika haya yote mbele yake bila wasiwasi. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, tena kwa mzaha.

Picha yako tumeipata, uko juu ya ngazi na mguu mmoja hewani utadhani hujafika arobaini na nane. Mama ameizungusha kwa majirani wote, akiwaambia mwanawe ametengenezwa upya. Wifi naye alinidokezea kwamba vyumba vya hiyo shule unayoipaka rangi ni vingi, umebanwa, lakini umekataa kuajiri mtu kwa sababu unanisubiri mimi. Hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Baada ya upasuaji wangu wa nyonga nilirudi kazini mzima kweli, sikukudanganya. Tulianza kila chumba kama kawaida yetu, wote kwenye kona moja, wewe ukienda kulia na mimi kushoto, tukutane kona ya mbele rangi ikiwa bado mbichi. Mwaka wa pili nikawa sifiki. Wewe ulikuwa umeshafika unapiga mluzi, mimi bado nahangaika dirishani, na rangi ya upande wangu ikakauka kabla hatujakutana, ukabaki mstari ukutani. Yule mwenye nyumba alipolalamika ulimwambia ndoo mbili hazikulingana rangi. Nilijua unanitetea.

Ulipoondoka kwenda huko, maumivu yalishuka kwenye kinena. Kisha nyonga ikaanza kulia kila nikiinama. Mama alidhani ni mlango wa kabati, akaupaka mafuta bawaba zote, na siku hiyo tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kesho yake nilikwenda kwa daktari wetu wa mifupa, yule mpole ambaye chai yake hupoa mezani bila kunywewa. Alinipima damu, akanipiga picha kwenye ile mashine ya kulala ndani yake. Aliniambia kofia ya chuma waliyonivika kwenye kichwa cha mfupa wa paja inasagana vibaya na kikombe chake cha chuma, na vumbi la chuma limeingia kwenye nyama na kwenye damu. Akakumbuka kwamba wewe ndiye uliyetangulia kuwekewa kofia kama hiyo, akataka upimwe hata kama husikii maumivu. Ndiyo maana nilikuganda mpaka ukaenda, nikasema tu kwamba wanawaita wote waliowekewa.

Sasa nikuambie hali yangu. Jumanne ijayo wanaitoa hiyo kofia. Wataniwekea nyonga nzima ya bandia, ile ile ambayo daktari alitaka kuniwekea tangu mwanzo. Daktari ana matumaini kwamba maumivu yatapungua. Lakini msuli wa pembeni mwa nyonga, ule unaoushika mwili nisiyumbe, umeliwa na hilo vumbi, na ulioliwa haurudi. Nitatembea na fimbo. Ngazi basi, kuchuchumaa basi. Usinisubiri tena, ndugu yangu. Ajiri mtu.

Najua utakachofanya ukifika hapa, utajilaumu. Utakumbuka ulivyosema kwamba mifupa yetu imetoka kiwanda kimoja, kwamba kilichokufaa wewe hakiwezi kunikataa mimi. Acha. Siku ile ya kuamua upasuaji wangu, ulipokuwa nje unatafuta pa kuegesha pikipiki, daktari alinieleza kwamba kwa wanawake wenye mifupa midogo kama yangu kofia hiyo huharibika mara nyingi kuliko kwa wanaume. Nilimsikia vizuri, nikaitaka hivyo hivyo, maana nilikuwa nimekuona ukipanda ngazi na sikukubali kubaki chini. Niliamua mwenyewe.

Kinachonikosesha amani ni kingine. Ulipotuma ujumbe kwamba damu yako ni safi, na kwamba wamekuambia urudi mwakani, mama alipiga vigelegele jikoni. Mimi niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha. Nilikuwa nimetumaini na wewe umeharibika. Si sana, kidogo tu, tuwe sawa. Maisha yetu yote sijawahi kukutakia baya, nami nimekuja kukutakia hili. Nimejichukia tangu siku hiyo. Mama hajui na sitamwambia. Nakuambia wewe kwa sababu mambo ya namna hii nimezoea kukuambia wewe, na sina mwingine, hata safari hii ambapo wewe ndiye uliyekosewa.

Kama umesoma mpaka hapa na bado unataka kuja, njoo Jumatatu, unikute kabla hawajanipeleka. Usilete zawadi. Wasalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawapenda na atapona. Mama anasisitiza ule vizuri, na kwamba kwenye picha ile umekonda.

Jambo moja tu nakuomba. Ukifika, usitembee taratibu kwa kunionea huruma, maana nitakujua. Ingia na mwendo wako wa kawaida, hata ukiniuma. Nataka nianze kuuzoea mwendo huo wewe ukiwa karibu.

Ni mimi, pacha wako.