Mtungi wa Ukutani Umejaa

Papa,

Maji yametoka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya salamu.

Mama bado haamini. Jana alifungua mfereji wa kisima, akafunga, akafungua tena, mpaka majirani wakamcheka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na brashi yako, nalia.

Unakumbuka ulivyoanza? Kwenye ukuta wa duka lako la mabango hapa Kitengela, ulichora mstari kila mara mwakilishi wetu wa wadi aliposimama kuongea kwenye bunge la kaunti kule Kajiado. Wee! Mheshimiwa, aliyekuwa akilala tu huko, akaanza kuongea kila kikao. Akaunga mkono hata hoja ya mabwawa ya samaki, na huku ng'ombe wetu wana kiu! Mistari ikajaa ukuta, pampu ya kisima bado imekufa. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Nimemfunza kelele," ukasema. Ukafuta yote, ukachora mtungi mmoja mkubwa, mtupu, na jina la Mheshimiwa chini. Ungeujaza buluu siku maji yatakapotoka.

Halafu ukatuacha. Mwenye nyumba akataka kupaka ukuta chokaa, na hapo niliogopa kweli, maana ukifutwa, kisima nacho kimesahaulika. Nikamwomba asubiri.

Siku ya kukuzika, Mheshimiwa alikuja kuhutubia, kama kawaida yao. Kabla hajashika maikrofoni, kina mama wakamuuliza, "Na mtungi?" Tangu hapo watu wakawa wanapiga ukuta picha, wanamtumia kwa simu. Akaacha hotuba, akaanza kuwafuata watu wa maji ofisini mwenyewe, mpaka mafundi wakaleta pampu mpya.

Aliponipigia akisema, "Msichana, si upake hiyo buluu," nikamjibu ngoja kwanza mama yangu anywe. Akanywa. Nikapaka. Rangi imevuka mstari kidogo. Usinigombeze.

Sasa lala, Papa. Moyo wangu umetulia. Chokaa imewekwa kando, na nakuahidi ukuta hautakaa bure. Leo nimechora kitanda cha zahanati, hakina godoro. Hata rangi haijakauka, Mheshimiwa amesimamisha gari, ameshusha kioo, ameniuliza, "Na hicho mnakitaka lini?"

Naserian wako