Kiti cha Nyuma Kinatosha

Wewe! Ule uchambuzi ulionitumia, unaoponda kigari changu cha milango miwili, nimemsomea mke wangu kwa hasira. Eti kinakimbia vizuri, lakini kiti cha nyuma kinafaa mkoba tu!

Mkoba! Nikamwambia, "Huyo mwandishi hajui kitu, ngoja nikuonyeshe." Nikajipenyeza nyuma.

Kuingia nimeingia. Kutoka ndiko kumenishinda. Magoti yamegusa kidevu, shingo imepinda.

Unadhani mke wangu kanivuta? Kasimama mlangoni, kacheka mpaka machozi, kisha kaanza kunisomea upya ule uchambuzi, polepole, kama taarifa ya habari.

Halafu kaniwekea mkoba wake mapajani. "Huyu ndiye abiria. Wewe umedandia tu."

Usicheke, njoo univute. Na bado nasema, huyo mwandishi katia chumvi.