Msomaji Anayegonga Meza

3 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi mzima, ni macho tu yaliyogoma. Zile programu mbili za kusoma vitabu ulizoniwekea kwenye kompyuta nimezijaribu. Ya kwanza inasoma kama karani mwenye mafua. Ya pili ina sauti ya mtu, hata pumzi inavuta. Ila inagonga: ko, ko, ko, kama penseli juu ya meza. Wewe unayejiita mwalimu wa wasioona, hukuisikia?

Bibi yako

6 Machi

Shikamoo Bibi,

Umeamkaje? Programu ya pili haina mlio wowote, nimeipima na darasa zima. Chagua moja mapema, muda wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi.

Mjukuu wako

9 Machi

Wewe mtoto,

Marahaba. Sijawa mwehu. Kitabu cha kuku kilidai yai huanguliwa baada ya siku kumi, programu ikagonga. Nimefuga kuku tangu mama yako hajazaliwa: ni ishirini na moja! Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Akikuta kosa hasemi, anagonga penseli mara tatu.

Nikaipa isome barua pepe yangu ya kwanza kwako. Ilipofika "mimi mzima", ikagonga. Kifua kinanibana wiki ya pili sasa, na sijamwambia mtu. Nani kaiambia?

Bibi yako

12 Machi

Shikamoo Bibi,

Hicho kifua kimenitisha kuliko mashine. Nakuja Ijumaa kwa basi, nikupeleke hospitali.

Mjukuu wako

12 Machi, jioni

Mjukuu wangu,

Salamu baadaye. Imenisomea barua yako. Kwenye kifua kimya, kwenye hospitali kimya. Kwenye "nakuja Ijumaa" imegonga. Usipande basi. Umenisikia? Usipande!

Bibi yako

16 Machi

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa kuchelewa. Basi liliharibika njiani, nikarudi nyumbani. Mimi mzima. Nitakupigia simu. Umechagua programu gani?

Mjukuu wako

19 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako kanisomea karani mwenye mafua, mpaka mwisho, bila kelele. Huyo ndiye niliyemchagua, na waambie wanafunzi wako anatosha. Yule mwingine nimemfuta, vile ulivyonifundisha, kabla hajaiona barua hiyo.

Siku ya tatu leo simu haijalia. Nipigie, nikusikie hata ukikohoa tu. Nimekaa mezani nasubiri. Penseli zote za babu yako nimezitoa nje.

Bibi yako