Weupe Kwenye Mapafu

Jumatatu, 6 Julai

Baba mkwe wa mdogo wangu kaletwa leo. Homa, kikohozi, hamalizi sentensi bila kuhema. Nimempiga eksirei ya kifua mwenyewe. Kwenye picha hewa huwa nyeusi. Yake ina mabaka meupe kama ukungu, pande zote mbili, chini na pembezoni. Daktari kasema nimonia ya virusi, alazwe, awekewe oksijeni.

Shemeji akamkunja daktari shati. Eti baba yake ana mafua tu! Huyu fundi wa kuchomelea vyuma mkono wake ni mwepesi tangu siku alipomuoa mdogo wangu. Nimemsukuma hadi nje. Ningekuwa na ubavu ningemfikisha barabarani.

Alhamisi, 9 Julai

Picha ya pili ya mzee. Ukungu umepanda.

Jumamosi, 11 Julai

Picha ya tatu. Peupe karibu pote. Daktari kazipanga zote tatu kwenye taa ya kusomea picha, familia ione ugonjwa unavyokwenda. Ndivyo tufanyavyo siku zote. Shemeji kaitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha, polepole:

"Kila mkimpiga, weupe unaongezeka."

Daktari kaeleza weee — picha inaonyesha ugonjwa, haiuleti. Wapi! Shemeji kasema yeye anachomelea vyuma, mwanga unaounguza anaujua, asidanganywe na watu wa kalamu. Mdogo wangu kainamisha kichwa tu. Naye anakohoa. Nimemsikia.

Jumapili, 12 Julai

Mzee amefariki. Mungu amrehemu.

Jumatatu, 13 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko kama kuku kaparura!

Shemeji kaja na nondo na wenzake wawili wa karakana. Mlinzi alijaribu kuwazuia mlangoni, wakamtwanga usoni mpaka meno yakamtoka. Damu ukutani, damu kwenye benchi la wagonjwa. Taa ya kusomea wakaivunjavunja. Akainua nondo juu ya mashine ya eksirei — na mimi, mjinga wa mwisho, nikakinga kwa mkono. Mfupa niliusikia kabla ya maumivu. Nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu yake. Sijuti. Walikimbia watu walipojaa. Mashine imebaki nzima, mkono wangu vipande viwili.

Mama kaniomba nisiende polisi. Ukimfunga mume wa mdogo wako, itakuwaje? Nimemjibu vibaya. Kisha nimekubali. Mama ni mama.

Jumatano, 15 Julai

Mama katoka kwa mdogo wangu analia. Kamkuta kitandani, homa, midomo imeanza kuwa ya bluu. Shemeji kaapa mke wake hatakanyaga hospitali, atakayemgusa atakula nondo. Nimempigia simu. Nimemtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Nikamwambia mdogo wangu akifa, nitamuua kwa mkono huu uliobaki. Nilimaanisha kila neno.

Alhamisi, 16 Julai

Niko chumba cha giza cha kusafishia picha, mlango nimeufunga kwa ndani. Naandika ili nipate kufikiri.

Mdogo wangu kazidiwa usiku, shemeji kamleta! Lakini mdogo wangu bado yuko nje, kwenye gari lao la kubebea vyuma, anahema kwa mabega. Shemeji kashika funguo na nondo, hataki mtu amsogelee. Kasema, "Nipigeni picha mimi kwanza. Mimi ni mzima. Nikitoka safi, mchukueni. Nikitoka mweupe, ni hiyo mashine yenu, na narudi naye nyumbani."

Daktari kakubali, angefanyaje? Mwenzangu anaumwa, kwa hiyo nimempiga mimi, na plasta yangu mkononi. Alipovuta pumzi kakohoa. Eti moshi wa karakana.

Nimeisafisha picha. Nimeiinua kwenye mwanga.

Ukungu. Pande zote mbili, chini na pembezoni. Kama wa baba yake siku ya kwanza.

Mgonjwa, na hajui! Na nikimwonyesha hii, atasema ni sisi. Atawasha gari. Mdogo wangu hafiki jioni.

Kwenye kamba ya kuanikia kuna picha ya mtu wa asubuhi aliyekuja kupimwa kwa ajili ya kazi. Kifua safi, cheusi cha kupendeza. Jina liko pembeni, mkasi unalitoa mara moja. Nikimpa hiyo, mdogo wangu anaingia wodini. Na yeye atarudi karakana akijisifu mzima, mpaka siku atakayoanguka. Na kuna sehemu yangu — haya, nani atasoma humu — inafurahi.

Anagonga. Si kwa nondo. Kwa kidole.

"Dada? Mimi ni mzima?"

Sauti ya mtu anayeogopa. Sijawahi kuisikia kwake.

Nimemjibu picha bado inakauka, asubiri. Mkasi huu hapa.