Gunia la Ndahani na Shamba la Baba

Chang'ombe, Dodoma

Dada yangu Nkwimba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepungua kuvimba na huko Maswa mnalala mmeshiba. Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Kuanzia shingoni kwenda juu ndiyo habari yenyewe, na ndiyo maana umepiga simu usijibiwe. Simu ilikanyagwa na fuso. Taya langu limefungwa waya hospitalini, meno ya juu na ya chini yameshonwa pamoja kama mdomo wa gunia, na wiki ya tatu sasa nanywa uji kwa mrija. Nimehifadhiwa hapa Chang'ombe kwa binamu wa mke wangu ili niwe karibu na kliniki. Wewe uliyekuwa ukisema Mabula hanyamazi hata akilala, ungeniona sasa ungecheka mpaka mguu ukapona.

Shija mpwa wangu, wewe unayemsomea mama yako, marahaba. Soma polepole, na usiruke penye damu. Mama yako si mtoto.

Dada, bahasha yako imenifikia. Nakala zote tatu za mauziano ya shamba la baba nimezisoma, pamoja na kwamba darasa la tano lenyewe nililiacha katikati. Unataka nisaini kama mrithi mwenzako, mnunuzi aje Jumamosi na hela mkononi, halafu unitumie na fungu lako niongeze hekari juu ya hamsini zangu, kwa sababu pamba imekuchosha na miaka yote mimi nakwambia alizeti ya Mlali inalipa. Jibu ninalo. Ila kwanza nikueleze taya limevunjikaje, maana jibu limo humo humo.

Kule kwetu Mlali mazao hayauzwi kwa kilo, yanauzwa kwa gunia. Tajiri anakuja na fuso mpaka uani kwako, na magunia yake mwenyewe na vijana wake wa kushindilia. Gunia la alizeti linatakiwa lichukue debe sita. Kijana anapanda juu yake, anakanyaga, anapigilia kwa mti, anatikisa, anaongeza, kisha anashona kamba za katani juu ya mdomo na kulijengea kichwa kama kilemba cha bibi harusi. Likiisha kufungwa lina debe tisa, na wewe unalipwa gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Imekatazwa, kila mtu anajua imekatazwa, lakini aliyeikataza sijawahi kumwona uani siku ya kupakia.

Mwaka huu nikasema basi. Niliuza baiskeli na mbuzi wawili (kwenye simu nilikwambia ng'ombe, walikuwa mbuzi), nikanunua mzani wa kuning'iniza, ule wenye uso kama saa ya ukutani. Nikasimamisha miti mitatu mbele ya nyumba ya shemeji yangu Ndahani, yule kaka wa mke wangu, nikaifunga kwa juu, nikaangika mzani. Kitongoji kizima kikaja kutazama.

Ndahani akanitania, "Msukuma akishika mzani, ng'ombe wote wa Ugogo wajifiche."

"Leo ng'ombe ni yule anayekuja na fuso," nikamjibu.

Tajiri tunamwita Chogo, kwa ajili ya kisogo chake. Alishuka garini na dereva na vijana wanne, akauzunguka mzani mara moja.

"Hiki nini?"

"Mzani."

"Macho ninayo. Umefungua bucha?"

Vijana wake wakacheka. Nikamwambia leo tunapima, na bei itakuwa ya kilo. Akatema mate pembeni ya mguu wangu, hakuutemea, ila pembeni kabisa.

"Mabula, mimi nimekuja kununua magunia. Kilo kauze buchani kwako."

Wakaanza kupakia kama kawaida, na watu wakaanza kulegea, kwa sababu fuso likiondoka tupu hujui lini litarudi jingine. Kijana wake mmoja anaitwa Songoro, fundi wao mkubwa, alikuwa ameshamaliza kushona gunia la kwanza la Ndahani. Ndahani akaliangalia. Ni mtu mpole, dada, huyu akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye. Akasema, "Tajiri, chukua tu kwa bei yako. Ila hili moja nilipime kwanza. Nina miaka hamsini na sijawahi kujua gunia langu lina uzito gani."

Tukaliinua, mimi na yeye, tukaliangika. Sindano ikapita sitini na tano, ambayo ndiyo kilo za gunia la haki. Ikapita themanini. Ikasimama tisini na mbili. Nikaisoma kwa sauti, na mimi sauti yangu unaijua, Gairo waliisikia. Mama Hosea, mjane wa nyumba ya tatu, akauliza taratibu, "Kwa hiyo miaka yote hii?"

Chogo akamwambia Songoro, "Kata kamba."

Ndahani alikuwa bado ameshika kamba ile ili gunia lisizunguke. Songoro akapiga panga. Panga likachukua kamba, likachukua na vidole viwili vya Ndahani, cha shahada na cha kati. Gunia likaanguka likapasuka. Ndahani akautazama mkono wake kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, halafu akainama kweli na kuanza kupapasa kwenye alizeti, na damu inamtoka inazidondokea zile punje nyeusi. Sijawahi kuona mtu akitafuta vidole vyake, dada. Usiombe uone.

Hapo sasa. Watu watakwambia niliwapiga wawili. Niliwapiga wanne, na wa tano alikimbia mwenyewe nikamhesabia. Songoro nilimnyanyua juu kama mwali, nikambwaga kwenye ubao wa fuso, nikasikia mkono wake unavunjika, nikambwaga tena upande wa mbavu. Panga likaruka. Wa pili nilimpiga kichwa cha uso, pua ikalala shavuni. Nikamrudia Songoro nikamkaba koo huku namwambia mwizi, mwizi, mpaka macho yakamtoka kama ya panzi. Mke wangu Mama Neema alitoka jikoni kwa kaka yake na mchi wa kinu, akampa dereva mmoja begani, mlio wake ulikuwa wa kuni kavu. Mama Hosea akamwaga sufuria la makande yaliyokuwa yanachemka, likamkuta kijana wa watu kifuani, na kilio chake mpaka leo nakisikia nikifumba macho. Mawe yakaanza. Kioo cha mbele cha fuso kikaenda chote. Punda wa jirani alikata kamba akaenda zake, amepatikana juzi upande wa Chemba, na mwenyewe anaapa kwamba punda huyo hajawahi kutoka nje ya kata.

Chogo mwenyewe sikumwona. Alinijia kwa nyuma na spana ya kufungulia tairi. Nilisikia sauti kwanza, maumivu yakaja baadaye, kama radi ya mbali. Nikatema meno matatu mkononi. Wakati nayaangalia, fuso likarudi nyuma kwa kasi, likapita juu ya simu yangu, likapita juu ya mzani ukawa chapati, na lingepita juu yangu kama Mama Neema asingenivuta mguu. Wakaondoka na gari tupu, wamemwacha Songoro chini. Walipokwisha kupotea, kuku wakaja wakala alizeti ile iliyomwagika, yenye damu na isiyo na damu, hawakubagua.

Sasa sikiliza lililonifanya niandike. Hospitalini walinilaza wodi ya wanaume, na kitanda cha jirani wakamlaza Songoro. Mkono umevunjika mara mbili, mbavu tatu. Siku mbili tulitazamana tu kama majogoo kwenye matenga mawili. Siku ya tatu akaniambia, "Shikamoo, mwalimu."

Ananiita mwalimu kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Dada, ile biashara ya mazao niliyokuwa nakwambia miaka ile, nilipokuwa nakutumia hela ya bati na ya ada ya Shija, haikuwa yangu. Nilikuwa mshindiliaji. Nilikuwa napanda juu ya magunia ya watu. Na nilikuwa bora kuliko wote kutoka Kongwa mpaka Kondoa, hilo si uongo, waulize. Gunia nililolifunga mimi hata mdudu alikuwa hapati pa kupumulia. Baba yake Ndahani, ambaye baadaye alinipa binti yake, niliwahi kumshindilia mwaka ambao mvua ilikatika mapema, na nilijua kwamba namwibia.

Songoro akaniambia, "Gunia lile la shemeji yako nililifunga kwa fundo lako la kuzungusha mara mbili."

"Nililiona," nikasema kwa meno yaliyofungwa.

"Ukawa unanikaba unasema mwizi. Nikawa najiuliza, mwalimu anamkaba nani."

Nikamrushia kikombe cha uji, kikampata kwenye bandeji. Nesi akatugombeza wote wawili. Kesho yake tukaendelea kuongea, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuongea naye. Akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimeomba lisahaulike. Mwaka wangu wa kwanza kulima, siku ya kupakia, vijana wa Chogo waliniambia, "Mwalimu, umezeeka, siku hizi huwezi." Nikavua shati. Nikapanda juu ya alizeti yangu mwenyewe, nikashindilia magunia yangu yote kwa mikono na miguu yangu, debe kumi kumi, watu wananishangilia, na mimi nasikia raha. Chogo alinilipa magunia kumi na tatu wakati nilivuna zaidi ya ishirini. Mama Neema hakunipikia wiki nzima, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo nimejua kinachofanya kilimo kidogo kilipe, nimekijua kwa taya. Siyo wingi wa hekari. Nikiwa na hekari mia na nikauza kwa lumbesa, nimemlimia Chogo hekari thelathini na zaidi bila yeye kushika jembe. Mama Neema alikuja Jumapili na habari. Baada ya vita ile kitongoji hakikuuza hata gunia moja uani. Wamekodi trela, wamepeleka alizeti yote mashineni ikakamuliwa, mafuta wameuza kwa dumu, na mashudu, yale makapi yanayobaki, ambayo zamani tulimwachia tajiri bila hata kujua yana bei, yamenunuliwa na wafugaji wa Chemba wanaogombea. Ndahani, na mkono wake uliofungwa kitambaa, kwa magunia kumi na moja amepata zaidi ya alichokuwa anapata kwa ishirini. Amewaambia watu kwamba alitoa vidole viwili vya kulipia mashine. Hakuwa anatania. Usiku anaumwa vidole ambavyo havipo.

Na sasa hekari zangu hamsini. Dada, ni nne. Shija, rudia hapo ili mama asikie vizuri: nne. Mbili ni zangu na mbili ni za Mama Neema kutoka kwao. Hamsini ilianza siku moja kwenye simu, ulikuwa unalia kwa ajili ya mguu, nikaona nikuchangamshe, halafu ikawa haina pa kurudia. Ningepokea hela ya shamba la baba ningenunua hekari kumi za vichaka ili uongo wangu usogee karibu na ukweli, na wewe ungebaki na mguu wako na kiti, huna pa kukiweka.

Usiuze. Nakuomba kama mdogo wako, na kama ombi halitoshi nakukatalia kama mrithi. Ile nusu ya chini, yenye udongo mweusi, panda dengu. Vuna, weka ndani, mtu yeyote asipande juu ya gunia lako. Pima mwenyewe kabla hajafika mnunuzi, ndipo mwanzishe mazungumzo. Na huyo anayekuja Jumamosi akileta ubabe, mwambie una kaka Dodoma aliyewapiga wanne. Hilo unaruhusiwa kulisema, lina ushahidi.

Nisalimie mama mkwe wako, umwambie dawa ya kifua nimeiulizia. Nisalimie mjumbe wa nyumba kumi, na fundi baiskeli aliyekuwa ananidai mchezo wa bao, mwambie bado nitamfunga. Shangazi wa Shija wa ng'ambo ya mto mpe pole ya msiba, na mchungaji wenu mwambie aniombee taya, na amwombee Ndahani zaidi. Mama Neema anakusalimu. Songoro naye amesema nikusalimu, ametoka hospitalini jana, sijui nikuandikie kwamba ni rafiki au adui, kwa hiyo nakufikishia salamu tu.

Unajiuliza nimeandika kwenye karatasi za nani, nzuri hivi. Zigeuze. Ni nakala zako tatu za mauziano, zote nimezijaza kwa nyuma, na maneno haya ya mwisho nimeyapitisha upande wa mbele, juu ya mistari, juu ya mihuri, mpaka pale walipoacha nafasi ya mrithi wa pili. Jina lililo hapa chini ni la barua, si la mauziano.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Mabula