Kipindi cha Kwanza Nilicheza kwa Mdomo

Jumapili jioni, Magamba.

Mvua kubwa imenyesha mchana, uwanja ukawa tope, na sasa kuna kaubaridi. Nina matope mpaka magotini na sijacheza hata dakika moja. Nimechoka, lakini kila nikikumbuka ya leo nacheka peke yangu kama mwehu.

Mnaonisoma mnajua mimi ni fundi cherehani, na kabla ya hapo nilikuwa kiungo wa timu ya wasichana Mpanda mjini, mpaka goti lilipokataa. Msichojua ni kwamba siku hizi nawafundisha mpira vijana wa Magamba. Wanaume. Kocha wao alihamia Majimoto kulima mpunga, timu ikabaki haina mwenyewe, nami nikajipeleka bila kuitwa.

Ujasiri huo nimeupata kwa Mwitaliano.

Jina lake silitaji, kwangu ni Mwitaliano tu. Nilianza kumfuatilia nikiwa sekondari, kwenye kibanda umiza cha shemeji yangu, tulikokuwa tunabanana kutazama mpira wa Ulaya kwenye runinga. Alikuwa kiungo mwembamba, hana mbio kabisa, ila mpira ukimfika tayari anajua unakwenda wapi. Nilimwiga hadi anavyogeuza shingo kabla ya kutoa pasi. Miguu ilipochoka akawa kocha, nikadhani kwake itakuwa mteremko. Wapi! Timu ya kwanza ikamfukuza, ya pili ikamfukuza. Alikuwa anasimama pembeni ya uwanja anarusha mikono, anapigia kelele kila pasi, utadhani bado anacheza yeye. Akashuka kufundisha kitimu kidogo ambacho hata matokeo yake unayatafuta kwa tabu. Huko ndiko alikojifunza kunyamaza, na kutokea huko akapanda tena taratibu, mpaka leo watu wanamheshimu kama mwalimu.

Hadithi hii naijua yote. Nimewasimulia wateja wangu mpaka wamenikinai.

Na leo nimefanya kosa lile lile.

Tulikuwa na mechi na timu ya mjini. Kabla ya kuanza, mwenyekiti wa timu yetu, mzee mwenye sauti iliyozoea minada ya ng'ombe, aliniambia mbele ya wachezaji wote: "Dada, tukifungwa leo namleta mwalimu kutoka mjini. Wewe utabaki kutushonea jezi." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini cha juujuu tu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kuhusu anayefundisha kwao hawakusema kitu. Naipenda kazi hii kuliko ninavyothubutu kukiri mbele za watu.

Ndiyo maana filimbi ilipolia nikapandwa na wazimu. Toa! Geuka! Rudisha! Mtu nyuma! Nilikimbia kwenye mstari mpaka goti likaanza kulalamika. Vijana wakawa wanapokea mpira huku wananiangalia mimi badala ya kuangalia uwanja. Tukafungwa mawili.

Kwetu mapumziko ni ya watu wote. Wachezaji wanakaa kwenye nyasi, kijiji kinawazunguka, na kila mtu ana mbinu zake: mwenyekiti, vijana wa bodaboda, hata mama anayeuza maandazi. Leo nilifika nikakuta wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja, na vijana wameinamisha vichwa wanang'oa nyasi. Nikajua hivyo ndivyo nilivyokuwa nasikika mimi.

Nikawaambia vijana wainuke, twende nyuma ya goli la mbali. Mwenyekiti akatufuata. Nikamwomba kwa heshima, "Mzee wangu, nisaidie kuwazuia watu wasije huku." Akasonya, ila akabaki kuwazuia.

Nilikuwa na maneno mengi kifuani. Nikayameza, nikamuuliza Elias, kapteni wetu anayecheza beki ya kushoto, yeye anaonaje.

"Kule kwangu wanakuja wawili, dada, na mimi niko peke yangu. Tangu mwanzo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa hunyamazi."

Wote wakaangua kicheko. Niliona aibu, jamani! Halafu na mimi kikanishika, nikacheka mpaka machozi. Baada ya hapo wakaanza kupangana wenyewe, nani arudi kumsaidia Elias, nani abaki mbele. Nilichofanya ni kumrudisha mshambuliaji mmoja katikati, basi.

Kipindi cha pili nilikaa juu ya ndoo ya maji. Kunyamaza ni kazi ngumu, afadhali kupalilia mahindi. Kuna mpira ulipita mbele yangu, nikajua kabisa pa kuupeleka, nikauma mdomo. Kijana akaupeleka kwingine, pembeni kabisa, mahali ambapo mimi nisingepaona. Likawa goli! Nimefunga mengi katika maisha yangu, lakini hakuna lililowahi kunipa furaha kama hili.

La pili halikupatikana. Tumefungwa mawili kwa moja.

Nilianza kukusanya jezi huku nikijua kinachokuja. Mwenyekiti akaja akasimama mbele yangu, akasafisha koo. Kabla hajafungua mdomo, Elias akatokea, matope mpaka kwenye nyusi. Akamwinamia mzee kidogo, kisha akanigeukia mimi.

"Kocha, kesho mazoezi saa ngapi?"

Nyuma yake wenzake wote walikuwa wamesimama, wanasubiri jibu.

Nikasema saa kumi.

Mwenyekiti akanitazama, akawatazama wao, akakuna kidevu.

"Saa kumi watu bado wako shambani," akasema. "Weka kumi na moja."

Sasa nimekaa hapa nimeshika simu, najiuliza jambo moja tu: kesho nianze kuwafundisha nini?