Nekesa, Gemu Yetu Imechezwa

Mama Nafula wangu,

Imechezwa! Salamu zitafuata, maana najua hilo ndilo ungeniuliza kwanza. Gemu yetu ilichezwa Jumamosi moja mwezi uliopita, hapo Langley Park, kwenye ule ukumbi wa chini wa jengo lenu. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya mashine za kufulia kwenye chumba cha pili, wakawa wanachungulia mlangoni. Ikaharibika katikati. Na bado ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu uondoke. Ngoja nikusimulie vizuri, najua hupendi kurukishwa.

Unakumbuka ilivyoanza? Mimi nasoma kompyuta kule Fairfax, wikiendi nakunja mashuka kwenye nyumba ya wazee Temple Hills. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaogesha wazee wenyewe na kuwageuza vitandani. Siku ya kwanza uliponisikia nikisema, "Samahani dada, naomba unipishe," ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Aki huyu ni Mtanzania! Kiswahili chake kimepigwa pasi hata huku Marekani!" Kabla mwezi haujaisha nilikuwa kwako nakula chapati.

Siku hiyo Nafula alikuwa amekaa kwenye zulia, hana meno ya mbele, anacheza gemu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu. Ilikuwa ya kuchagua: shujaa akifika mahali, hadithi inasimama, mchezaji anaamua afanye nini, halafu mambo yanafuata uamuzi huo. Wewe ulisimama na sahani mkononi ukasahau kuiweka mezani.

"Sasa huyu anaruka ghorofa hadi ghorofa mchana kutwa. Hiyo nguo ya kubana anafuliwa na nani?"

Nafula akakujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mashujaa hawafui nguo. Ukanigeukia. "Zuhura, si wewe unasomea hii kitu? Tutengeneze yetu. Ya Kiswahili. Akitaka kujua kinachofuata, ataisikiliza lugha ya mama yake apende asipende."

Nilidhani unatania. Wiki iliyofuata ukaja kazini na shujaa mzima kichwani. Pamba, mama anayehudumia wazee, aliyepigwa shoti kwenye lifti, na tangu hapo kila anachokigusa kinakuwa chepesi. Ulisema ulimpata ukimwinua yule mzee mnene wa chumba cha mwisho, mgongo unakuwaka moto, ukawa unamwomba Mungu akupe mkono mmoja tu wa namna hiyo. Na adui wake Bwana Nanga, ambaye akigusa kitu kinakuwa kizito, hakisogei tena: mabasi, milango, hata vijiko mezani.

Mimi niliandika programu na kuchora zile picha zangu mbaya. Wewe ulifanya sauti zote, Nekesa, zote! Tulikuwa tunarekodi ndani ya kabati lako la nguo ili kelele za barabarani zisiingie, wewe umejibanza kati ya makoti, mimi nje nimeshika kipaza sauti, na kila ulipofika kwa Bwana Nanga ulikuwa unakohoa kwa kicheko. Kila hadithi iliposimama ulisema neno lilelile kwa sauti ya mwalimu mkali: "Chagua!"

Halafu ukaugua. Sitaki kuandika sana juu ya hilo, ulikuwepo. Tulikuwa tumefika kwenye daraja, Bwana Nanga ameanguka mtoni na uzito wake unamvuta chini, Pamba amesimama ukingoni. Uliniambia, "Mwisho nitaufikiria nikipata nguvu." Basi.

Baada ya mazishi sikuifungua ile kompyuta. Majira ya baridi yote yalipita. Mdogo wako Naliaka alihamia kwako ili Nafula asibadilishe shule wala kitanda, na anamlea vizuri, usiwe na wasiwasi. Ila mtoto alikuwa amenyamaza. Anakula, anafanya kazi za shule, anasema asante. Hakulia. Naliaka aliniambia kwenye simu, "Mimi ndiye ninayelia humu ndani, yeye ananiletea tishu."

Siku moja nilikwenda kuwaona. Nafula akanisindikiza hadi kituo cha basi, na pale kituoni, bila kunitazama, akaniuliza kwa Kiingereza chake ni nini kilichompata Pamba. Nikamwambia bado sijui. Akasema ninapaswa kujua. Nilipanda basi nikiwa na aibu, na furaha kwamba hatimaye ameuliza kitu. Usiku wa... hapana, kesho yake, niliiwasha kompyuta.

Nilipomwambia Naliaka nataka kuionyesha gemu mbele ya watu, alisita. "Zuhura, ile ni sauti ya dada yangu. Una uhakika? Huyu mtoto akivunjika mbele ya watu, tutamrudisha vipi?" Sikuwa na uhakika hata kidogo. Tukakubaliana tumuulize mwenyewe. Nafula akainua mabega, akasema, "Okay." Ni hilo tu tulilopata.

Basi Jumamosi ikafika. Projekta niliazima chuoni, shuka tulitundika ukutani. Walikuja wale wa kanisani kwenu, Mama Chebet na madaktari wake wote wa baadaye, maana ana watoto wanne na wote anasema watakuwa madaktari. Akaja Papa Jérôme, yule Mkongomani wa ghorofa ya pili, amevaa suti kamili na viatu vinang'aa kama anakwenda harusini. Nafula akakaa peke yake karibu na waya za projekta.

Nikabonyeza. Sauti yako ikajaza ukumbi.

Nekesa. Nilidhani nimejiandaa. Naliaka alishika mkono wangu kwa nguvu, Mama Chebet akasema polepole, "Yesu." Lakini watoto hawakujua adabu za msiba, wao waliona lifti inatoa cheche wakapiga kelele, na kelele zao zikatubeba. Nafula hakusogea. Alikuwa anatazama shuka tu.

Tukafika pale Pamba yuko kazini, anamwogesha babu kwenye beseni lile kubwa, huku kwenye New Hampshire Avenue Bwana Nanga ameligusa basi la shule na watoto wamekwama ndani, moshi unaanza kutoka. Amalize kumwogesha babu, au akimbilie basi? Ukasema, "Chagua!"

Na kompyuta ikakwama. "Chagua! Chagua! Chagua! Chagua!" Sauti yako haikomi, picha haisogei, mimi nabonyeza kila kitu chenye kubonyezwa, jasho linanitoka. Nilikuwa karibu kulia. Ndipo nikasikia mtoto anacheka, wa pili akacheka, wote wakaanza kuitikia pamoja nawe, "Chagua! Chagua!" huku wanapiga makofi, mpaka na Papa Jérôme akawa anapiga kiatu chake kinachong'aa sakafuni. Nikang'oa waya. Sauti yako ikakatika. Watoto wananitazama.

Nikasema, "Haya. Wanaosema amalize kumwogesha babu, waende dirishani. Wanaosema akimbilie basi, waende mlangoni."

Ungeona! Walisukumana, wazazi wakasukumana nao. Mama Chebet alikwenda dirishani akitangaza kwamba mzee haachwi majini hata dunia ikiungua. Binti yake mdogo akapinga kutoka mlangoni, halafu akapata wazo, akapaza sauti: "Mami, si babu ni light sasa, Pamba amemshika? Aende naye na beseni!"

Ukumbi ukalipuka. Basi nikasimulia hivyo, ningefanyaje? Pamba akakimbia barabarani amebeba beseni kwa kidole kimoja, babu ndani amejaa povu, kofia ya kuogea kichwani, anawapungia watu mkono na kuwaamkia mmoja mmoja. Papa Jérôme akasimama bila kuombwa akawa ndiye babu. Suti na yote. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nilikuwa sijacheka hivyo tangu lile kabati lako.

Tukaendelea hivyo, bila kompyuta, hadi darajani. Nikawaambia ukweli: "Hapa ndipo Mama Nafula alipoishia. Bwana Nanga anazama. Pamba amwokoe, au amwache?"

"Amwache!" akasema Mama Chebet. "Wacha azame. Juzi si alinifungia mlango wa basi nikiwa nje kwa baridi?"

"Ule alikuwa dereva, Mama," Papa Jérôme akamwambia. "Mumuokoe! Ule naye njo mutu, mutu kama sisi!"

Wakagawanyika nusu kwa nusu, wanabishana, na katikati ya ubishi nikaona Nafula amesimama. Hakuwa dirishani wala mlangoni. Alisema kitu, hakuna aliyesikia. Akarudia, kwa Kiswahili, polepole kama mtu anayekanyaga mawe mtoni:

"Pamba amuulize kwanza. Amuulize nani amekufa kwao."

Wote wakamgeukia.

"Kwa sababu," akasema, "mtu wako akikufa, kila kitu inakuwa nzito. Hata kijiko."

Halafu akalia, Nekesa. Alilia kwa sauti, kama mtoto anavyopaswa kulia, na Naliaka alimfikia kabla yangu, wakakaa sakafuni pamoja. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Mama Chebet alivua mtandio wake akamfunika nao.

Alipotulia, akafuta pua kwa mkono, akanitazama kwa hasira kidogo. "Aunty, endelea. Pamba anamshika mkono."

"Anamshika mkono," nikasema. "Na Bwana Nanga anakuwa mwepesi. Anatoka majini, anapanda juu, juu, anapita daraja..."

"Ehe! Sasa atashukaje?" akauliza Papa Jérôme, kwa wasiwasi wa kweli kabisa.

"Mpeni ugali," akasema Nafula. "Atashuka."

Sijui nikueleze vipi kicheko kilichofuata. Alicheka na yeye, macho bado mekundu, na sasa ana meno yote, Nekesa, makubwa kama ya kwako.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Nakwenda kwao kila Jumamosi. Kosa lililoikwamisha kompyuta nimelipata, lilikuwa langu, dogo, la kijinga. Mwisho tumeurekodi kabatini, Nafula ndiye sauti ya Bwana Nanga akiwa angani, na picha za sehemu hiyo amechora yeye, nzuri kuliko zangu. Bado ananijibu kwa Kiingereza akikasirika. Akitaka kitu anasema Kiswahili chako hasa, kile kisichopigwa pasi.

Juzi aliniuliza kama ulikuwa mtu mzuri sana, maana kila anayefika nyumbani anasema hivyo. Nakuahidi hivi, rafiki yangu: sitamlea na sanamu. Nitamwambia ulikuwa na hasira za ghafla, uliimba kwaya ukipanda nusu noti juu ya wenzako, na siku moja ulivaa viatu viwili tofauti ukashinda navyo kazini ukisema ni fasheni mpya kutoka kwenu Bungoma. Nitamwambia yote, kidogo kidogo, kadiri anavyokua, ili awe na mama wa kumkumbuka na wa kumcheka pia.

Kwaheri, Mama Nafula. Pumzika. Basi langu linakaribia kwenu, Naliaka amepiga simu kwamba chai iko tayari, na mwanao ameshateremka chini kunisubiri.

Wako,
Zuhura